Kofia ya Tatu

Aliyesugua kofia za moteri yangu kwa mchanga na majivu ni mama yangu mzazi, na bado nampenda. Niseme hivyo mapema, maana nikianza kusimulia hasira inarudi, na mtu anaweza kudhani tumenuniana mpaka leo. Hapana. Jana tu nimekula kwake, na masufuria yake bado yanang'aa hadi unaweza kujitazama ukachana nywele.

Kofia ninazosema si za kuvaa kichwani. Ndani ya moteri, yaani injini ya gari, kuna mti mnene wa chuma wenye viwiko viwiko. Sisi tunauita vilbreke. Pistoni zinausukuma, nao unasukuma gari. Mti huo unalala juu ya vitanda vitano, na kila kitanda kina kofia yake ya chuma inayoubana kwa buloni mbili nene za kukazwa. Kati ya mti na kitanda, na kati ya mti na kofia, unaweka kigamba chembamba cha chuma laini, kilichopinda nusu duara. Hicho ni kusine. Halafu, kati ya kusine na mti, lazima ibaki nafasi kidogo ya kupitisha mafuta. Ikiwa kubwa, mafuta yanakimbia na moteri inaanza kugonga. Ikiwa ndogo, chuma kinakula chuma. Chukua milimita moja, ikate vipande mia, beba vitano: ndiyo nafasi yenyewe. Maisha yote ya moteri yamo humo.

Kamyo yetu, lori letu la mizigo, ilianza kugonga tukitoka Kasaji na magunia ya mahindi. Mi ndiye niliyeshika usukani, kama kawaida, tangu macho ya baba yaanze kufunikwa na ukungu. Ko, ko, ko, chini ya miguu yangu. Kusema kweli niliongeza sauti ya redio, maana sikutaka kusikia. Baba alikuwa kando yangu amefumba macho, nikadhani amelala. Akanyoosha mkono akaizima redio.

"Zima na moteri."

"Papa, bado kidogo tu tufike."

"Mama, zima. Ni kusine. Ile ya katikati."

Baba ananiita mama kwa sababu jina langu ni la mama yake mzazi. Kwetu sisi watu wa Kasai, hata tuliozaliwa huku Kolwezi, aliyebeba jina amebeba na heshima ya mwenye jina, basi tangu nikiwa mtoto mchanga wa kubebwa mgongoni mzee yule ananisalimia kama anavyosalimiwa mzazi. Basi mama huyo, yaani mi, akazima moteri. Tulivutwa kwa kamba mpaka nyumbani, vumbi la kamyo lililotangulia likituingia hadi kwenye meno. Tulipofungua tumbo la moteri tukakuta kusine nne zimechakaa tu, na moja imeyeyuka kabisa. Ya katikati! Kati ya tano! Nilimtazama mzee wangu nikasema moyoni, huyu si mtu wa kawaida.

Babu yangu aliletwa huku kuchimba shaba. Baba aliapa kwamba hatashuka shimoni, atatengeneza vile vinavyoshuka, na akatimiza: alimaliza ujana wake wote kwenye garaji la mgodi. Alipostaafu alirudi nyumbani na sanduku moja la chuma, rangi ya kijani, lenye vyombo vyake vya kazi. Liko chini ya kitanda chake. Kila kle, yaani spana, ina kitambaa chake, na ole wako uirudishe na mafuta. Kila mtu nyumbani alijua sanduku lile ni la kaka yangu mkubwa, yule anayefanya kazi ofisini Lubumbashi, ambaye hata kubadilisha gurudumu anapiga simu aitiwe mtu.

Mi nililitaka sanduku lile. Nililitaka tangu nikiwa mtoto, kwa wivu wa kweli. Siku ile tulipotoa moteri kwenye kamyo na kuilaza kichwa chini miguu juu, juu ya magogo mawili ya reli ya zamani, nilishindwa kuvumilia.

"Papa, ile sanduku, mi ninaitaka."

Mama alikuwa anachambua majani ya sombe mlangoni. Mikono yake ikasimama.

"Ile sanduku ni ya kaka yako," baba akasema.

"Kaka anajua kufungula nini? Chupa ya soda?"

"Ekie! Mukubwa wako huyo!" mama akaniwakia.

Baba hakucheka wala hakukasirika. Alisema hivi: "Funga hii moteri weye mwenyewe. Mi sitagusa buloni hata moja. Ukimaliza kulalisha vilbreke na kufunga kofia zote tano, nitaigeuza na mikono yangu. Nikisema iko sawa, sanduku ni yako. Nikisema hapana, usiniulize tena."

Nilitaka kuruka! Nilijizuia tu kwa sababu ya mama. Lakini naomba uelewe maana ya maneno yale, 'nitaigeuza na mikono yangu.' Mtaani kwetu ilikuwa kama sherehe ndogo. Mafundi wenye garaji zao mjini, watu wenye vitambi, walikuwa wakimfuata baba aje kuwageuzia vilbreke kabla hawajaweka pistoni. Anavua saa, anaifunga kwenye tundu la kifungo cha shati. Anafuta mikono. Anashika ncha ya mti kwa vidole viwili tu, anafumba macho, anageuza polepole. Na wakati anageuza, hakuna anayesema. Redio inazimwa, jirani anaacha kutwanga. Kisha mwenye moteri anauliza, kwa sauti ya mtu aliyeko kwa daktari: "Tata, iko namna gani?" Na lile neno moja atakalosema baba, ndilo hilo.

Vilbreke ilirudi kutoka kuchongwa upya Lubumbashi ndani ya basi, nimeiviringa katika blanketi. Kusine mpya tulizipata kwa muuza vyuma mmoja wa katikati ya mji. Siku ya kazi yenyewe niliamka na kichwa chepesi, kila kitu kinanichekesha. Kwanza nilimwagilia parseli nzima, uwanja wetu wote, maji, ndoo kwa ndoo, maana kamyo za madini zikipita barabara ile vumbi linaingia hata kwenye chumvi. Halafu nikatundika shuka mbili za mama kwenye kamba kuzunguka moteri. Nikapanga kofia tano juu ya gazeti. Baba alikuwa amezitia alama zamani kwa msumari: tone moja, matone mawili, hadi matano, ili kila kofia irudi kwenye kitanda chake. Nyeusi zilikuwa, zina mafuta ya miaka. Nikasema nitaziosha kwa mazuti, yaani dizeli, nikirudi. Nikatoka mbio kwenda mjini, maana kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nimekificha moyoni.

Ni uzi. Uzi mwembamba wa kijani, laini, wa nta, unauzwa ndani ya karatasi yenye mistari. Unaukata kipande, unakilaza juu ya mti wa chuma, unafunga kofia kwa nguvu yake kamili bila kugeuza mti hata kidogo, kisha unafungua. Uzi umepondeka. Unalinganisha upana wake na mistari ya karatasi. Ukilala mpana, nafasi ni ndogo. Ukilala mwembamba, nafasi ni kubwa. Mistari inakwambia: tatu, tano, saba. Hesabu ya wazi, si ya kubahatisha! Niliuona kwanza kwenye simu, nikamsumbua yule muuza vyuma wiki nzima mpaka akaniagizia.

Nikarudi nao, nimeushika juu mkononi. Nikasukuma shuka.

Kofia zangu zilikuwa zinameremeta juani, tano, juu ya kanga safi, zimepangwa kando ya sufuria za Jumapili. Mama alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, mikono myeupe kwa majivu, na kando yake ule mchanga mweupe anaoletewa na mama jirani kutoka Nzilo, mchanga ambao hauchezewi, wa kusugulia masufuria peke yake.

"Mama! Umefanya nini?"

"Bilikuwa bichafu sana! Mi niliona huruma, njo nikabisugua. Angalia!" Na akainua kofia moja, ya tatu, kwa fahari, kama angetaka kuipeleka kanisani.

Weee! Hasira niliyopata siku ile! Nilisema maneno. Nilisema kwamba moteri si sufuria, kwamba katika nyumba hii mtu hawezi kuweka kitu chini, kwamba hata kamyo tukiiacha mlangoni atatusugulia rangi yote. Mama akajifuta mikono kwenye pagne aliyojifunga kiunoni, akaniangalia bila haraka. "Hasira hasara," akasema, akaingia ndani na sufuria zake.

Sasa, baba ana sheria moja ya kusafisha, na amemfundisha kila mtu aliyewahi kushika kle mbele yake: osha kwa mazuti, pulizia upepo, halafu pitisha kidole kidogo ndani ya kitanda na ndani ya kofia kabla ya kuweka kusine. Kidole kidogo, kile ambacho hakifanyi kazi nyingine, kwa hiyo ngozi yake bado laini. Macho yanadanganywa, anasema, kidole kile hakidanganywi. Mi niliijua sheria hii kabla ya kujua sala ya Baba Yetu. Na siku ile, kwa hasira, nilinyakua kofia moja moja, nikazifuta kwa kitambaa, fya, fya, fya. Nilihesabu matone, yalikuwepo yote. Nikabandika kusine. Kidole sikupitisha. Zilikuwa zinang'aa hivyo, uchafu ungetoka wapi?

Baba akatoka kuketi kwenye kiti chake upande wa kivuli. Alisikia karatasi ikichakarika.

"Njo nini hiyo?"

"Uzi, Papa. Wa kupima nafasi."

"Ile uzi ni ya kushona moteri, ama ni ya kushona nguo ya korali ya kanisa?"

"Cheka tu. Utaona."

"Mi nilifunga moteri miaka yote na bidole bibili. Ile uzi ilikuwa wapi?" Lakini alikuwa anatabasamu, na mi nilikuwa na furaha mpya, ile hasira ilikwisha yeyuka. Ndivyo nilivyo, nawaka upesi, nazimika upesi.

Nikalaza mti. Nikalaza vipande vitano vya uzi. Nikafunga buloni kwa ile kle ndefu yenye mshale unaoonyesha nguvu, nusu kwanza, kisha kamili, mpaka mshale ukagusa namba yake kila mara. Nikafungua ya kwanza. Uzi umelala sawasawa, upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Nikaweka karatasi. Tano! Sehemu tano za mia, kama ilivyoandikwa, kama nilivyoota!

"Tano, Papa!"

"Endelea."

Ya pili: tano. Nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia. Ya nne: tano kasoro. Ya tano: tano. Nilikuwa nimeiruka ya tatu, ile ya katikati, iliyotuua njiani, ili niifungue ya mwisho kwa raha. Nikaifungua.

Mwanzo wa uzi, tano. Mwisho wa uzi, tano. Katikati ulikuwa na tumbo. Ulikuwa umetanuka, umevimba kwenye sehemu moja kama nyoka aliyemeza panya, na pale kwenye tumbo mstari ulisema tatu, au pungufu ya tatu.

"Ya tatu?" baba akauliza.

Niliuangalia uzi ule. Nikasema moyoni: umeulaza vibaya. Umetikisa mti bila kujua. Uzi wenyewe ni mpya kwako, unaujuaje? Moyo ukitaka kitu, unatafuta mawakili wengi.

"Iko sawa," nikasema, na nikaukwangua uzi kwa ukucha.

Nikapaka mafuta, nikafunga kofia zote tano. Baba akasimama. Akavua saa, akaifunga kwenye tundu la kifungo. Mama akatoka ndani, amesahau ugomvi, akapiga kofi moja kuwanyamazisha majirani upande wa pili wa ukuta, na redio yao ikazimwa. Nikamwongoza baba mpaka kwenye ncha ya mti. Akashika kwa vidole viwili. Akafumba macho.

Mti ukazunguka. Mara moja. Mara mbili. Mi nilikuwa nimeshika shuka ya mama, nimeikunja yote ndani ya ngumi.

"Papa," nikauliza, "iko namna gani?"

Akageuza tena, polepole. "Iko sawa," akasema. "Iko sawa sana. Sanduku ni yako, mama."

Jamani, furaha! Mama alipiga vigelegele, yeye mwenyewe aliyetaka sanduku liende Lubumbashi! Majirani wakauliza juu ya ukuta kuna nini, mama akawajibu, "Binti yangu amefunga moteri!", na vigelegele vikahama nyumba hadi nyumba. Nilimkumbatia baba, nikamchafua shati kwa mafuta, hakujali. Nilicheza peke yangu, katikati ya parseli, na kle mkononi.

Mama akaleta chai. Aliimimina kutoka kwenye birika lililokuwa linachemka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ndani ya vikombe vyetu vya bati. Changu nilikigusa nikakiweka chini upesi, kimenichoma. Baba alikizungushia chake kiganja kizima, vidole vyote, akakaa nacho anasimulia habari za garaji.

"Utajichoma, mwanaume," mama akasema.

"Haina moto."

Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Nilikuwa nimeona jambo hili miezi mingi: kikombe, kipini cha sufuria, mara moja kaa la moto alilolirudisha kwenye mbabula kwa mkono. Sikuzote tulisema, mikono ya fundi hiyo, ni migumu. Nikaitazama mikono ile imekumbatia bati la moto na nikaelewa, na furaha yote ikanishuka miguuni. Vidole vile havikusikia moto. Vingesikiaje sehemu mbili za mia?

Niliinuka kana kwamba nakwenda kufunika moteri. Nyuma ya shuka nikashika mti kwa vidole vyangu viwili, nikageuza. Ulikubali, lakini kwa uzito kidogo, kama mtu aliyekushika ncha ya shati usiende.

Nikasimama pale. Sitajifanya mtakatifu: nilifikiri kunyamaza. Sanduku lilikuwa langu, mtaa mzima umesikia. Labda kusine ingejilainisha yenyewe njiani. Labda. Na kumwambia mzee yule kwamba mikono yake, kitu pekee ambacho macho hayakumnyang'anya, nayo imekwenda, ni nani angekuwa na kinywa hicho? Lakini niliona pia kamyo njiani, mahindi juu, ko, ko, ko chini, na baba kando yangu akisikiliza, kwa sababu masikio yake bado mazima. Angejua. Angejua ni ya katikati, na angejua kwamba nilijua. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Nikarudi.

"Papa, tufungule tena ya tatu."

"Juu ya nini?"

"Uzi ulikuwa na tumbo. Sikukwambia."

Akaweka kikombe chini. "Mi nimegeuza. Mi nimesema iko sawa."

"Haiko sawa, Papa."

"Unaona mi nilisha zeeka? Ile uzi ya sokoni inajua kunipita?" Sauti yake ilipanda, na baba si mtu wa kupandisha sauti, hasira nimerithi kwa wengine. Mama alisimama na birika mkononi. Na mi, ambaye siku zote nina jibu, nilianza kulia kama mtoto, nikasema yote kwa mkupuo: kwamba nilidanganya kuhusu uzi, kwamba nilikasirika, nikafuta kofia kwa kitambaa, sikuosha kwa mazuti, sikupitisha kidole.

"Haukupitisha kidole?"

"Sikupitisha."

Hilo la kidole lilimuuma kuliko la uzi, niliona.

"Fungula," akasema.

Nilifungua mbele yake. Nikalaza uzi mpya, nikafunga, nikafungua: tumbo lile lile, mahali pale pale. Nikang'oa kusine kutoka kwenye kofia. Mgongoni mwake palikuwa na doa dogo linalong'aa, na ndani ya kofia, pale katikati, nikapitisha kidole kidogo. Kikakwama kwenye kitu. Punje moja! Punje ya mchanga, nusu ya punje hata, imejificha chini ya kusine na kuisukuma juu. Mchanga mweupe wa Nzilo!

Nilipiga kelele, sijui ya furaha au ya nini. "Nimeipata! Papa, nimeipata!"

"Nipe."

Nikaiweka punje kwenye ncha ya kidole chake cha shahada. Akaisugua kwa dole gumba. Akasugua tena. Uso wake haukubadilika, ila mdomo uliachana kidogo.

"Umeiweka?"

"Iko hapo, Papa. Kwenye kidole."

Alisugua mara ya tatu, na ndipo alipojua kile nilichokijua nilipotazama kikombe chake cha chai, kwamba vidole vyake havisikii tena. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha, polepole, akainua kidole akakipeleka kwenye ulimi, akafunga mdomo, akauma. Tuliisikia sote: kr.

"Ni muchanga," baba akasema.

"Muchanga ya wapi?" mama akauliza kwa wasiwasi, ingawa alikwisha jua.

"Ya masufuria yako. Inahitaji chumvi."

Na akaanza kucheka. Mzee wa watu, mwenye mchanga kati ya meno, alicheka hadi akashika kiti, na mama akajifunika uso kwa pagne akicheka na kulia pamoja, na mi nikaketi chini kwenye tope nililolimwagilia mwenyewe asubuhi.

Tukafanya upya. Niliosha kofia zote tano kwa mazuti, nikapulizia, nikapitisha kidole kidogo kila mahali mpaka ngozi ikaniwasha. Uzi wa kofia ya tatu ulilala tambarare, upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Tano. Nilimsomea kwa sauti, zote, moja hadi tano, naye alikuwa anaitikia kila moja kwa kichwa kama mtu anayesikiliza somo kanisani. Safari hii hakuvua saa. Mi nilitaka kumwongoza kwenye ncha ya mti, akakataa. "Geuza weye," akasema. Niligeuza. Mti ulikwenda wenyewe, bila kuvutwa shati na mtu.

Hakusema habari ya sanduku, nami sikuthubutu kuuliza. Alisema usiniulize tena, na mi ni mtu wa hasira lakini si mtu wa kusahau.

Tulimaliza pistoni na mengine yote kwa siku chache, tukairudisha moteri tumboni mwa kamyo. Asubuhi ya kuwasha, mtaa ulikuwa umejaa mlangoni. Nikapanda. Baba alisimama mbele kabisa, uso karibu na radiateri. Nikageuza ufunguo. Moteri ikakohoa, ikakohoa tena, ikatoa moshi mweupe, na ikashika! Mshale wa mafuta ukapanda, ukapanda, ukasimama juu ukatulia. Hakuna ko. Hakuna hata ko moja! Nilipiga honi kama kwenye arusi. Mama alikuwa anawaambia watu kwamba kofia za ndani amezisugua yeye.

Baba alisikiliza muda mrefu. Alipoinua kichwa akaniashiria nishuke.

"Sanduku iko chini ya kitanda," akasema. "Nenda uivute mwenyewe, mi mugongo yangu haiwezi. Lakini nataka kitu kimoja. Kila moteri utakayofunga, uniite nigeuze."

"Papa, lakini..."

"Najua. Najua, mama. Niite tu."

Sasa watu wananiletea moteri zao parselini, hata wale mafundi wenye vitambi. Sanduku la kijani liko chini ya kitanda changu. Nikimaliza kofia ya mwisho, namwita baba. Anavua saa, anaifunga kwenye tundu la kifungo, anashika mti kwa vidole viwili, anafumba macho. Redio zinazimwa. Mwenye moteri anangoja amebana pumzi. Baba anageuza mara moja, mara mbili, kisha anageukia upande wangu.

"Mama," ananiuliza, "iko namna gani?"

Na mi namwambia ilivyo.